Damu ya Kagwe Haikatai Maziwa

SEHEMU YA TISA

Wiki jana tulimwacha Rachael jikoni kwake Ruiru, chupa ya mtoto mkononi na tone la maziwa ulimini. Tone hilo lilikuwa tamu.

Wewe unayetufikia leo utauliza, utamu wa maziwa una kosa gani? Una kosa kubwa, ndugu yangu. Mtoto Kagwe, mwenye miezi mitano, akinywa maziwa ya ng'ombe ya kawaida mwili wake unayapiga vita. Ana aleji. Maziwa yake ni ya mkebe ulioandikwa na daktari, maziwa yaliyovunjwavunjwa kiwandani mpaka mwili usiyatambue. Ni machungu, na yananuka kama viazi vilivyosahaulika guniani.

Rachael huyaonja kila siku kabla ya kumpa. Uso ukikunjamana, anajua mwanawe yuko salama. Siku hiyo uso haukukunjamana.

"Maitu," akaita, "amekunywa ngapi?"

Mama Muriithi, mama mkwe wake, alikuwa sebuleni na mjukuu mapajani. Ndiye aliyeshinda na mtoto Rachael akiwa kazini, kwenye kiwanda cha nguo kule Thika. Siku hiyo stima ilikuwa imepotea kiwandani na washonaji wakaachiliwa saa nne. Bila stima kupotea, hadithi yetu ingeishia kaburini.

"Nusu chupa," bibi akajibu kwa furaha. "Na leo amenyonya kama mtu! Hakutema hata kidogo. Si nilikuambia mzee wangu atazoea?"

Mzee wangu ndiye huyo mtoto. Kwa Wakikuyu, mtoto wa kiume wa kwanza hubeba jina la babu yake mzaa baba, na bibi akimpakata huwa amempakata mumewe. Kagwe mkubwa walimzika mwaka juzi. Kagwe mdogo alipozaliwa, Mama Muriithi alitangaza kanisani kwamba mumewe amerudi.

Rachael alifika sebuleni kwa hatua tatu. Mdomo wa juu wa mtoto ulikuwa umefura. Jicho moja lilikuwa limeziba. Vipele vyekundu vilikuwa vimetoka tumboni na kupanda hadi shingoni.

"Umempa nini?"

"Nimempa kile uliacha. Mkebe ni wako, chupa ni yako."

"Hii si maziwa yake!"

"Sasa umeanza. Hiyo ni joto tu. Mvue hiyo sweta."

Kagwe akatapika. Akakohoa kikohozi kikavu, na kila alipovuta pumzi kifua kilipiga mluzi mwembamba.

Rachael akamnyakua, akanyakua na mkebe mezani. Alipofika mlangoni, mama mkwe alikuwa ameshasimama pale, mikono kiunoni.

"Kabla hujaenda kutuaibisha kwa majirani, ngoja nikuambie. Mzee wangu marehemu alikuwa anamaliza kibuyu kizima cha maziwa akiwa amesimama. Baba ya huyu mtoto, hivyo hivyo. Damu ya Kagwe haikatai maziwa. Kama huyu anakataa, jiulize ulimtoa wapi."

Maneno hayo hayakuwa mageni. Kwa wiki saba Rachael alikuwa ameyameza mezani, ameyameza kwenye chama cha akina mama, ameyameza mbele ya mumewe aliyekuwa akitazama simu tu. Leo hakuwa na nafasi tumboni. Alimpiga mama mkwe kikumbo cha bega, kitu ambacho siku nyingine kingeitisha kikao cha wazee, akatoka mbio.

"Muoki! Kliniki!"

Muoki wa bodaboda alikuwa getini akipangusa kioo. Akamtazama mtoto, akawasha pikipiki.

"Shikilia poa, madam. Anapumua?"

"Usiulize! Endesha!"

*

Muuguzi wa kliniki ile alikuwa Nzilani, Mkamba mfupi mwenye mikono mipana. Hakuuliza jina wala kadi. Alimlaza mtoto, akakata suruali kwa makasi, akatoa sindano.

"Shika mguu. Usimwangalie, niangalie mimi."

Sindano ikaingia pajani. Nzilani akamwekea mtoto mrija wa oksijeni puani, na wakangoja. Rachael alihesabu mpaka mia mbili na kumi. Hapo ndipo Kagwe alipolia kwa sauti nzima, kilio cha hasira, na mama yake akacheka na kulia pamoja.

"Amekula nini?" Nzilani akauliza.

"Maziwa yake tu, sista. Hii hapa."

Nzilani akafungua mkebe. Akanusa. Akanusa tena. Akachovya ncha ya kidole, akaonja.

"Mkebe ni wa aleji," akasema polepole. "Kilicho ndani si cha aleji. Haya ni maziwa ya unga ya ng'ombe, yale ya kutia kwa chai. Mtu amemwaga yako akajaza haya."

"Haiwezekani duka lilikosea?"

"Ulikuwa umeufungua lini?"

"Ijumaa. Na mpaka jana usiku yalikuwa machungu. Nilionja mwenyewe."

"Basi si duka. Kwako nani anabaki na mtoto?"

"Mama mkwe."

Nzilani akafunga kifuniko, akaupeleka mkebe kwenye kabati lake na kugeuza ufunguo. "Huu utakaa hapa. Wale wa polisi wakiutaka, watanikuta."

Ungekuwa wewe, msomaji, ungetilia shaka nani? Mimi mwenyewe nilikuwa nimeshamfunga yule bibi kamba. Tulikosea wote.

Baada ya saa moja hivi mlango ukafunguliwa. Aliingia Muriithi, baba ya mtoto, moja kwa moja kutoka kiwanda cha biskuti kule Eneo la Viwanda, kofia ya wavu bado kichwani. Mama yake alikuwa nyuma yake, ameshika mkoba kwa mikono miwili.

Rachael hakumpa nafasi ya kusalimu. "Muriithi, mama yako amebadilisha maziwa! Nusura atuulie mtoto!"

"Mimi?" Mama Muriithi akaruka. "Ngai! Mimi niguse huo mkebe wako unanuka?"

"Ulikuwa peke yako na yeye!"

"Mama hakugusa mkebe," Muriithi akasema.

"Unamtetea hata leo? Angalia mtoto!"

"Simtetei. Ni mimi."

Hata Mama Muriithi aligeuka kumtazama. Hakuwa akijua.

Nzilani akaweka chini kalamu. "Wewe ndiye baba ya huyu mtoto?"

"Hiyo ndiyo nilikuwa nataka kujua."

Aliisema bila aibu, kama fundi aliyekuja kuangalia bomba. Alieleza kwamba unga ule aliutoa kwenye magunia ya kazini, yale ya kukandia biskuti, akautia kwenye karatasi ya nailoni. Leo alfajiri, Rachael akiwa bado amelala, alibadilisha. Leo asubuhi Rachael alichelewa, mama mkwe ndiye aliyetengeneza chupa, naye si mtu wa kuonja dawa za watu.

"Na maziwa yake?" Rachael akauliza kwa sauti ndogo. "Yale yake uliyapeleka wapi?"

"Nilimwagia kuku." Akakuna shingo. "Hawakula."

"Kwa nini, Muriithi? Nimekukosea nini?"

"Nilichoka. Kila siku mama na maneno yake, kila siku watu wananiangalia. Nilitaka proof. Nikajiambia, akinywa akae sawa, huyu ni wangu, na mama nitamnyamazisha milele. Akifura..."

"Akifura?"

"Si amefura."

Rachael akamgeukia mtoto, akamfunika miguu. Tusimlaumu. Ni neno gani la kumjibu mwanamume aliyemwekea mwanawe sumu ili ajue kama ni wake?

Lakini Mama Muriithi alikuwa na maneno. Uso wake ulichangamka, akasogea hadi kitandani, akakiona kitabu cha kliniki cha mtoto.

"Sista, hapo mmeandika nani?"

"Kagwe Muriithi."

"Futa. Jina la mzee wangu linarudi nyumbani leo. Haliwezi kulala kwa mtoto wa nje."

"Shosho," Nzilani akasema, "mtoto ana mrija kwa pua na wewe unamdai jina?"

"Si lake! Aliiba!"

"Ana miezi mitano!"

Muriithi akachukua kalamu mezani. Akakivuta kitabu, akapiga mistari miwili juu ya jina la mwanawe, akamkabidhi mama yake kalamu. Angemzaba Rachael kofi, lingeuma kidogo kuliko hivyo.

Nzilani akamnyang'anya kitabu. Macho yalikuwa yamemwiva.

"Nisikilize, wewe bwana wa biskuti. Nani alikufundisha kupima damu na maziwa? Aleji haijui baba. Na kama ingekuwa inasema chochote, ingesema kinyume cha unachodhani, maana mambo haya hutembea na familia. Ulipokuwa mdogo ulikuwa na shida ya ngozi? Pumu?"

Muriithi akajishika kiwiko. "Ngozi, ndiyo. Hapa kwa viwiko. Ilikuwa inapasuka mpaka darasa la nne."

"Na maziwa ulikuwa unakunywa?"

"Sikulelewa na maziwa. Mimi nililelewa na uji. Maziwa hayakuwa ya kutosha."

Rachael akainua kichwa. "Hayakuwa ya kutosha? Si kibuyu kizima akiwa amesimama? Si mlikuwa na ng'ombe wanne?"

"Walikuwa wamekauka," Mama Muriithi akadakia.

"Wote wanne?"

"Nimesema walikauka!"

Nzilani akamgeukia bibi, safari hii kwa upole. "Shosho, nikuulize kitu, na ni ya matibabu, si ya kesi. Kwenu kumewahi kuwa na mtoto aliyefura hivi kwa sababu ya maziwa? Wako, wa dada yako, wa shemeji, yeyote?"

Mama Muriithi aliutazama ukuta, palipobandikwa picha ya mtoto anayechanjwa.

"Hakuna."

"Fikiria kidogo. Inasaidia kujua tunaenda wapi."

"Hakuna! Kwetu hakuna!"

Kwa maneno hayo Rachael alikuwa ameshahukumiwa. Muriithi akavua kofia ya wavu, akaikunja, akaitia mfukoni.

"Umesikia mwenyewe. Nguo zako nitaziweka kwa geti. Ukitoka hapa, pitia uchukue."

"Twende tupimwe damu," Rachael akamwomba. Alikuwa amepiga magoti sakafuni, na hakujali nani anaona. "Hospitali, Muriithi. Damu ya kweli, yako na yake. Nakuomba. Siku hiyo matokeo yakitoka vingine, nitaondoka mwenyewe bila hata leso."

"Tumeshapima."

*

Mtoto alikuwa amepata nafuu. Vipele vilififia, jicho likafunguka, akaanza kuvuta mrija kwa vidole kama watoto wanavyovuta kila kitu. Nzilani akaitwa chumba cha pili, kulikuwa na mtu aliyekatwa na grinda ya kukatia vyuma.

"Asiondoke mtu," akaagiza. "Huyu nitamwangalia masaa sita. Na wewe, mama ya mtoto, ukitoka hapa, maziwa ni yale ya daktari peke yake. Ukiambiwa ya mbuzi ni salama, kataa. Ukiambiwa mkebe mwingine una picha kama hiyo na ni laini kwa tumbo, kataa. Kijiko cha mkebe mwingine kisiingie kwa huu. Tunaelewana?"

"Ndiyo, sista."

Alipotoka tu, Muriithi akasogea kitandani. Alimtazama mtoto kwa muda. Kidevu kile kilikuwa chake, masikio yale yalikuwa yake, na mtu yeyote asiye na mama kama wake angeyaona.

"Ako sawa sasa," akasema. "Amka umchukue, uende naye kwenu. Sitaki kupatikana hapa na majirani." Akanyoosha mkono auvute mrija.

"Usimtoe!"

Ilikuwa sauti ya Mama Muriithi. Muriithi akabaki mkono hewani.

"Usimtoe hapo," bibi akarudia. "Inapungua hivi hivi, unadhani imeisha. Halafu inarudi. Ikirudi inaingia kwa koo."

Rachael akainuka kutoka sakafuni. "Umejuaje, Maitu?"

Mama Muriithi akajiziba mdomo kwa kiganja, lakini neno likishatoka halirudi. Wala hakukuwa na nafasi ya kulirudisha, kwa sababu Kagwe alikohoa. Akakohoa tena. Kile kikohozi kikavu. Shingo ikajaa vipele wakiwa wanatazama, na kifua kikaanza kuingia ndani chini ya mbavu kila alipovuta hewa.

"Sista!" Rachael akapiga kelele. "Sistaaa!"

Nzilani akaja mbio, glavu zikiwa na damu ya mtu mwingine. Akazirusha chini, akavaa nyingine, akampiga mtoto sindano ya pili paja la kushoto, akafungua oksijeni hadi mwisho.

"Ilianza saa ngapi?"

"Sasa hivi! Na yeye alijua!" Rachael akamwonyesha mama mkwe kwa kidole. "Alisema itarudi kabla irudi!"

Nzilani hakugeuka. Mikono yake ilikuwa kwa mtoto. "Shosho, uliiona wapi? Na safari hii ukinidanganya, huyu anakufa mbele yako."

Mama Muriithi aliketi kwenye benchi.

"Kiama," akasema.

Muriithi alilijua jina hilo. Kiama alikuwa kaka yake mkubwa, kifungua mimba wa mama yake, ambaye yeye hakumkuta. Kwake Kiama alikuwa mawe matatu nyuma ya nyumba, karibu na migomba, mahali watoto walipokatazwa kucheza.

"Kiama si alirogwa?" akauliza. "Si mlisema Tata Ngendo alimroga?"

Tata Ngendo, dada ya marehemu Kagwe. Wiki ile Kiama alipokufa, ukoo ulimfukuza kwenye shamba la baba yake na nguo alizovaa. Akaenda kuishia Ngoliba, kwenye ukame, peke yake, anaitwa mchawi hadi na watoto wasiomjua. Mwaka juzi alikuja kumzika kaka yake. Muriithi mwenyewe ndiye aliyemsukuma getini mama huyo wa miaka sabini, akaanguka na ua lake mkononi, na watu wakapiga makofi.

"Ngendo hakuwa hata nyumbani," Mama Muriithi akasema. "Alikuwa ametumwa mjini. Ni mimi nilimpa. Nilikuwa mgonjwa wa matiti, nikampa ya ng'ombe, ya kwanza kabisa. Akafura. Halafu ikapungua, akatulia, akanichekea. Nikasema imeisha." Akaubana mkoba magotini. "Nikamwongeza kidogo ndio alale."

"Na ukasema ni Tata?"

"Waliniuliza nani alikuwa na mtoto! Baba yako alikuwa na panga mkononi! Ningesema nini?"

"Miaka thelathini na saba umejua ni maziwa?"

"Sikujua!" Bibi akalia sasa, kilio kibaya cha mtu asiyezoea. "Nilijua tu kwamba wewe sikukupa."

Muriithi akarudi nyuma mpaka mgongo ukagota ukutani. Tizama basi mwanamume aliyetaka proof. Alikuwa ameletewa, na mwenye kuileta alikuwa mama yake mzazi. Mtoto aliyemfuta jina alikuwa wake kuliko alivyotaka.

"Ulitaka mwanangu awe wa mtu mwingine," Rachael akamwambia mama mkwe. Hakupaza sauti. "Wiki saba. Akiwa wa mtu mwingine, basi Kiama hukumuua wewe. Ndiyo maana, sivyo?"

Mama Muriithi akanyoosha mkono aguse mguu wa mtoto.

"Usimguse."

"Mwanangu, nisamehe..."

"Nimesema usimguse! Nitakuvunja mkono!"

"Nyamazeni!" Nzilani akafoka. "Mtauana baadaye, na nje!" Alikuwa na simu sikioni, bega limeinuka kuishikilia, vidole viwili kwenye mshipa wa mtoto. Midomo ya Kagwe ilikuwa imeanza kuwa ya buluu. Kwenye trei ilibaki chupa moja tu ya dawa ile. "Haloo! Ambulensi, mko wapi? ...Juja? Bado Juja? Kaka, nina mtoto hapa wa kupelekwa Thika, endesha juu ya watu! ...Dakika ishirini haziko! Hazi-ko!"

Akaitupa simu kitandani. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi Rachael aliona hofu machoni mwa muuguzi yule.

"Shosho," Nzilani akasema, sauti imeshuka. "Kiama. Ilipomrudia, alikaa muda gani?"

"Sikuwa na saa."

"Kumbuka. Ulikuwa unafanya nini?"

Mama Muriithi alimtazama mjukuu wake, mzee wake, yule aliyemdai jina nusu saa tu iliyopita.

"Nilikuwa nimeweka chai kwa moto," akasema. "Haikuwa imechemka."